Fundi Aliyenipigia Windo Njia ya Ikola

Niite mwongo ukishamaliza kusoma, lakini usiniite kabla. Nimeshaitwa mwongo na watu wazito kuliko wewe: baba yangu mdogo, mchungaji wetu, na mkuu wangu wa shule, ambaye aliniambia mbele ya walimu wenzangu kwamba mtu aliyesoma hasemi mambo kama haya. Sawa. Mimi nasema yalitokea, tena mchana, mvua ikinyesha na watu wakiwa barazani wanatafuna mahindi ya kuchoma. Sikuwa nimelewa, sinywi. Sikuwa na homa. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize.

Mimi ni mwalimu wa sekondari upande wa ziwa, si mbali na Ikola, lakini kwetu ni Mishamo. Wazee wetu walitoka Burundi, sisi tumezaliwa hapa na tumekulia kwenye maharage na mihogo. Nilikua pamoja na Nestori, mtoto wa masenge. Masenge ndivyo tunavyomwita shangazi, dada yake baba. Mtoto wake ni muvyara wako, na muvyara si ndugu wa kupungiana mkono njiani. Mnataniana, mnavaa shati moja kwa zamu, na akikosea yeye mnachapwa wote.

Nestori alikuwa fundi wa kompyuta pale Kashaulili, Mpanda mjini, kwenye kibanda kando ya soko. Nilipopangiwa kazi ziwani alinipa laptop aliyoiunganisha mwenyewe kutoka kwenye mizoga ya laptop nyingine: kioo cha hii, kibodi ya ile, bawaba moja imefungwa kwa waya wa shaba. Diski yake aliigawa vyumba vinne. Alinionyesha kwa kidole.

"Mfumo unakaa humu. Siku ikigoma kuwaka, unafuta chumba hiki tu, unapiga windo, yaani unaweka mfumo upya. Vingine vina vitu vyako, usiviguse."

"Mbona hujaviandika majina?"

"Kariri. Wewe si mwalimu?"

Sikukariri. Nani anakariri kitu kama hicho wakati mwenye kukijua yupo, unampigia simu tu?

Mwaka uliofuata Nestori akafa. Alishikwa na kichwa akiwa kibandani, akalala chini, watu wakambeba hospitali, na kesho yake hakuwapo. Sasa hapa nataka unisikilize vizuri. Umeshasikia habari za msukule, mtu ambaye wachawi wamemchukua, ndugu wakadhani amekufa wakazika, kumbe yuko mahali anafanyishwa kazi, hana kauli, chakula chake pumba. Na umeshasikia wanavyosema kwamba kaburini mlizika mgomba uliovishwa sura yake. Mimi nilikuwa nacheka habari hizo. Nestori nilimwosha mwenyewe, mimi na kaka yake Gervasi. Nilimkata kucha. Nilimfunga kidevu kwa kitambaa. Sikuosha mgomba.

Basi. Masika ya mwaka jana laptop ikagoma. Ukiiwasha, taa inawaka, feni inaunguruma, kisha kioo kinabaki cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe kwamba mashine haioni mfumo wowote. Ndani yake kulikuwa na alama zote za mitihani ya kidato cha nne, na mkuu alikuwa anazitaka. Nilipomwambia imezimika alinijibu, "Hizo ni habari za nyumbani kwako, mwalimu." Nikadandia Fuso la dagaa linalokwenda Mpanda, nikakaa mbele na dereva, Msukuma mmoja anaitwa Kulwa, mtu mpole ambaye hata kondakta wake humkaripia.

Mvua ilitukuta porini. Tulipofika kwenye kituo kimoja cha njiani, Kulwa akasimamisha gari. Mbele, maji yalikuwa yanapita juu ya daraja dogo, mekundu, yanabeba magogo.

"Tunasubiri yapungue," akasema. "Wewe mwalimu tafuta pa kukaa, mimi hapa kwenye gari siondoki. Hawa watu siwapendi."

Sikumuuliza kwa nini. Nilipoteremka nikajua. Niliwasalimia watu wa barazani, hakuna aliyejibu. Walinitazama wakiendelea kutafuna. Jina la kituo hicho silitaji, na si kwa kuogopa. Nalificha kwa sababu nawajua nyie: mtakwenda na mapanga, na mtakayemkata hatakuwa yeye.

Kati ya vibanda kulikuwa na kimoja chenye sola juu na kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: SIMU, KOMPYUTA, KUPIGA WINDO. Nilifurahi, niseme ukweli. Kwenye kaunta alisimama mwanamume wa makamo, shati jeupe limechomekewa, viatu vyeusi vinang'aa. Kituo kizima kilikuwa tope, hata kuku walikuwa tope. Viatu vyake havikuwa na doa.

"Habari za hapa, kaka," nikasema.

"Leta," akajibu, akinyoosha mkono kwenye begi langu.

Sikuwa nimemwambia nina nini kwenye begi. Lakini kibao si kinasema kompyuta? Nikaona mtu amekisia tu. Nikaitoa, nikamweleza ugonjwa wake.

"Itapigwa windo. Kaa nje."

"Wewe ndiye fundi?"

"Fundi yuko ndani. Ukiwa na neno niambie mimi. Fundi wangu haongei na wateja."

"Ni bubu?"

"Haongei na wateja."

Nikasema sitakaa nje, kwa sababu humo mna mitihani ya watoto wa watu, lazima nione kinachofutwa na kisichofutwa. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima gunia kwa macho kabla ya kuliinua. Kisha akafunua pazia la gunia nyuma yake.

"Kaa pale kwenye ndoo. Usimguse."

Chumba kile cha nyuma kilikuwa kidogo, kina meza, balbu moja ya sola, na pazia lingine upande wa pili. Mtu alikuwa amekaa kwenye stuli, ametupa mgongo, uso kwenye ukuta. Hakugeuka. Palinuka pumba, ile harufu ya mashine ya kukoboa, pumba zilizoloana zikaanza kuchacha. Mwenye duka akaiweka laptop mbele yake, akachomeka flashi, akarudi kaunta.

Nilianza kumtazama mikono, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele ya balbu. Ilikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye viwiko, na kucha ndefu za mtu ambaye hakuna anayemjali. Akafunua kioo cha laptop. Kilikuwa bado cheusi, na nyie mnajua kioo cheusi cha laptop kilivyo, ukikiweka kwenye mwanga unaweza kunyolea ndevu. Sura yake ikaja pale kwenye weusi, na mimi nyuma yake, kwenye ndoo.

Alikuwa Nestori.

Sikupiga kelele. Unadhani wewe ungepiga? Kelele inahitaji pumzi. Mimi nilibaki nimeshika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili, nikijiambia watu hufanana, Mungu ameumba wawili wawili, subiri. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia, lakini sikio la kushoto lilikuwa limekunjika juu vilevile kama alivyozaliwa nalo, kwa sababu hiyo tulikuwa tukimwita Sambusa tulipokuwa watoto. Macho yake yalitazama kioo, hayakunitazama.

Akawasha. Akagonga kitufe cha kuita flashi, akagonga tena, kwa kidole cha pete, kama alivyokuwa akifanya Kashaulili. Mfumo mpya ukaanza kuja. Kurasa zile za mwanzo alizipita haraka, hasomi. Kisha ukaja ukurasa unaoonyesha vyumba vya diski na kuuliza mfumo uwekwe wapi. Vyumba vinne, ukubwa unakaribiana, havina majina. Moyo ukanipiga kwa jambo lingine kabisa, kwa zile alama, maana mimi mwenyewe sikukumbuka kipi ni kipi.

"Futa vyote," akasema mwenye duka kutoka kaunta. Alikuwa anamuuzia mtu vocha, hakugeuka.

Mkono wa Nestori ukasimama. Mshale ukashuka chumba cha kwanza, ukakipita, ukasimama kwenye cha pili. Akakifuta hicho kimoja. Vingine akaviacha. Akaendelea.

Niambie sasa. Katika dunia hii walikuwapo watu wawili tu waliowahi kuvijua vile vyumba, na mmoja alikuwa amesahau.

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba huwezi kumsikia mtu wa pembeni. Nikainama mpaka karibu na sikio lile, nikanong'ona, "Muvyara."

Mikono ikaacha kibodi. Ikalala mezani, viganja juu.

Mafaili yalikuwa yanajinakili, asilimia inapanda polepole kama mzee anayepanda mlima, na mimi muda wote huo niliongea. Nilimwambia kwa Kirundi habari za nyumbani. Kwamba maharage yalishikwa na ugonjwa. Kwamba Gervasi ndiye anayefungua kibanda chake siku hizi na wateja wanamlalamikia. Kwamba yule mbuzi wake mkorofi alizaa mapacha. Niliongea vitu vya kipumbavu, kwa sababu nikiacha kuongea ningeanza kulia, na nikilia yule wa kaunta atakuja. Nestori hakugeuka hata mara moja. Lakini shingo yake ilikuwa imeinamia upande wangu.

Laptop ikazima, ikawaka, ikafika kwenye ukurasa wa mwisho mwisho, ule unaouliza nani atakayeitumia mashine hii, na chini yake kisanduku cha kuandika jina. Nestori akainua mikono. Akaandika, herufi ndogo, taratibu:

mama yupo

Kistari kikawa kinapepesa mbele ya neno. Alikuwa ananisubiri.

"Yupo," nikasema. "Mzima. Anakulilia kila siku."

Akayafuta. Vidole vikaanza kwenda mbio, nikaona hata mabega yake yanakaza, kama mtu anayekimbia na mzigo. Akaandika:

mwambie asi

Mkono wenye mkunjo wa shati jeupe ukapita juu ya bega langu. Sikumsikia akija. Ukabonyeza kitufe cha kuwashia na ukakishikilia pale mpaka kioo kikafa.

"Fundi wangu hana mama," akasema.

Nestori akageuka. Kwa mara ya kwanza alinitazama, akafungua mdomo, na niliona humo ndani kwa nini haongei na wateja. Nisikueleze zaidi ya hapo. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama mtungi uliokesha nje, baridi ya kutokea ndani. Nikamwambia, "Twende. Gari liko hapo nje. Twende nyumbani."

Mwenye duka hakunizuia. Alisimama tu, mikono nyuma.

Aliyenizuia ni Nestori. Alinibandua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye mkono wake, kwa nguvu ambazo hakuwa nazo alipokuwa hai. Akafunga laptop, akaniwekea kifuani kama mtu anayekabidhi mtoto, akainuka, akapita kwenye pazia la upande wa pili. Mpaka leo sijui kama alifanya hivyo kwa amri ya yule bwana au kwa kunihurumia mimi.

"Mvua imekatika, mwalimu," akasema mwenye duka. "Wahi gari lako."

Mwalimu. Sikuwa nimemwambia kazi yangu; nilikuwa nimesema nina mitihani, ndiyo. Nilijitahidi kujishikiza hapo.

Nikatoka nje nikipiga kelele. Sasa sauti ilikuwapo, tena nyingi. Nikaita Kulwa, nikaita watu, nikasema ndugu yangu niliyemzika yumo mle ndani, njooni mshuhudie. Watu wakasimama barazani, wakaja. Nilidhani wanakuja kunisaidia. Mwenye duka akatokea mlangoni, ametulia, akasema kwa sauti ya mtu anayesikitika, "Mgeni huyu nimemtengenezea kompyuta yake. Sasa ananiita mchawi. Mnasemaje?"

Mwanamume mmoja akatupa gunzi, akaokota mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa ukutani. Mwingine akasema, "Hapa watu wameshachomewa nyumba kwa maneno kama hayo. Nani amekutuma?"

"Ingieni mwangalie," nikasema.

Kulwa akaingia, na wawili wao. Walikuta meza, stuli, balbu. Nyuma ya lile pazia la pili walikuta magunia ya pumba, mkeka umeloana, na mlango wa uani uko wazi kuelekea kwenye mahindi.

"Fundi wangu amekwenda kujisaidia," akasema mwenye duka. "Mnataka tumsubiri?"

Nilimwona Kulwa akitazama vile viatu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na ni mtu ambaye sijawahi kumwona akitoka jasho hata akibadilisha tairi.

"Hatumsubiri," Kulwa akasema.

Alinikamata kwenye ukosi, akanisukuma ndani ya gari, akafunga mlango kwa ufunguo. Jiwe liligonga bodi tulipokuwa tunaondoka, kisha lingine. Maji kwenye daraja yalikuwa hayajapungua hata kidogo. Alipita vilevile, akisali kwa Kisukuma, na nikahisi magurudumu ya nyuma yanasogea pembeni, yanatafuta mto, kabla ya kushika ardhi upande wa pili.

Nilipoiwasha laptop baadaye, alama za watoto zilikuwapo zote. Nazitaja ili ujue kazi aliifanya.

Kesho yake nilifika Mishamo. Masenge alikuwa uani, amekaa kwenye turubai, anapura maharage. Nilikuwa nimepanga namna ya kumwambia pole pole, kwa kuzunguka. Nilipomwona tu, maneno yakatoka yenyewe, yote. Hakulia. Aliendelea kushika fimbo ya kupuria, akiitazama.

"Alikuwa amekonda?" akauliza.

"Kidogo."

"Usinifiche."

"Amekonda sana, masenge."

"Na aliniulizia mimi."

"Ndicho alichouliza kwanza."

Ndipo nikamwambia lile neno lililokatika. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaondoka akaingia ndani, na maharage yakabaki pale mpaka kuku wakayamaliza.

Ukoo ukakutana. Hapo ndipo nilipoitwa mwongo kwa mara ya kwanza, ingawa hata waliosema naongopa hawakuacha kulichezea lile neno. Baba mdogo akasema, kama ni kweli, basi alitaka kusema asilie. Mchungaji akasema asihangaike, mambo ya wafu aachiwe Mungu. Wengine wakasema asinisubiri. Kila mmoja alikuwa na lake na kila mmoja alilisema kama amelisikia. Kisha mke wa baba mdogo akasema, "Na kama ni asimwamini?"

"Asimwamini nani?"

Aliinua tu macho, na macho ya watu wote yakaenda alipokaa Gervasi, kaka mtu, ambaye kibanda cha Kashaulili kilikuwa mikononi mwake na pikipiki yake mpya ilikuwa pale nje.

Gervasi aliosha maiti ile pamoja nami. Nilimwona akiibusu paji la uso. Nilisimama nikasema hivyo, nikasema kwa sauti, na haikusaidia kitu. Neno lilikuwa limeshapata mwili. Wiki ile mtu alichoma ghala lake la mahindi. Watoto wake walifukuzwa kisimani. Siku moja asubuhi aliwapakia mkewe na watoto kwenye pikipiki ile ile, akaja kusimama mbele yangu, akaniambia, "Wewe ndiye uliyemleta mdogo wangu kuja kuniua." Akaondoka kuelekea Kigoma. Hajapiga simu. Nyumba yake imeota majani ndani.

Kiangazi tulirudi kule njiani, mimi, Kulwa na baba mdogo, mchana kweupe. Kibao hakikuwapo. Kibanda kilikuwa kimefungwa kwa misumari. Tulipouliza, wakasema mwenyewe alihama, hawajui aendako. Hawakutuuzia hata maji ya kunywa.

Masenge hakusema lolote kwenye kile kikao cha ukoo. Watu waliendelea kubishana naye amekaa na kanga yake kichwani, na mwisho alisema tu, "Mimi ndiye niliyemzaa. Najua alichotaka kusema." Wakambembeleza awaambie. Akakataa.

Alichokijua tulikuja kukiona kwa vitendo. Masenge ameacha kufunga mlango. Zamani ilikuwa jua likizama anaweka komeo na gogo juu yake, kwa sababu kule kwetu fisi hawana adabu, na watu wengine pia. Sasa mlango unalala wazi, na sahani ya ugali na maharage iko kwenye kizingiti, imefunikwa. Nilipomuuliza, akanijibu kama mtu anayemjibu mtoto: "Alisema asifunge. Mwambie mama asifunge mlango. Unadhani angesema nini kingine?"

Nilifurahi siku ile, unajua? Nilirudi kazini nimefarijika, nikaona angalau mtu mmoja katika ukoo wetu amepata kitu cha kushika.

Kisha jirani yake akanipigia simu. Akasema, njoo umwone shangazi yako, anaamka jua likiwa utosini, na hajawahi kuwa mvivu. Nikaenda. Nilimkuta asubuhi yuko kitandani, amekwisha, shingo imebaki kamba. Akasema hajisikii kuumwa, amechoka tu, anachoka kuanzia anapofungua macho. Nikamfunika miguu. Nyayo zake zilikuwa na udongo mbichi mpaka kwenye vifundo, udongo mwekundu, na kwetu Mishamo pale nyumbani udongo ni mweusi. Viganja vilikuwa na malengelenge mapya ya jembe. Jembe lake mwenyewe lilikuwa limening'inia darini, kavu, lina utando wa buibui.

"Masenge, ulikwenda wapi?"

"Nimelala," akasema. "Nimelala usingizi mzuri. Nimeota niko na mwanangu, tunalima."

Wewe unayesoma unakijua Kiswahili kama mimi. Weka maneno haya mawili kwenye ulimi uyapime: asifunge, asifungue. Yanaanza sawasawa, yanakwenda pamoja mpaka karibu na mwisho, halafu moja linakuokoa na lingine linakumaliza. Muvyara wangu alipata nafasi ya kuandika herufi tatu tu za neno hilo.

Nimeomba uhamisho, nimerudi Mishamo, naishi naye. Kila jioni nafunga ule mlango mwenyewe, komeo na gogo, na ninalala mbele yake kwenye mkeka. Asubuhi naamka niko pembeni, mkeka umesogezwa vizuri bila kukunjwa, na mlango uko wazi. Bado anakonda. Mchungaji amekuja, wazee wa dawa wamekuja, na wote wametazama udongo ule wakaaga mapema.

Kwa hiyo nakuonya, na usinichekee. Siku ukikutana na mtu wako uliyemzika, na akawa na ujumbe, simama mpaka amalize. Kama hawezi kumaliza, huo ujumbe ufe na wewe. Usiupeleke kwa mama yake. Mama ataumalizia mwenyewe, na ataumalizia kwa mapenzi, na kuna mtu mwenye viatu safi anayengojea hilo tu.